Mwingiliano wa protini ni nini? Maelezo kwa familia yenye mtoto wa SMA

Bibi mmoja wa Langoni, hapa Lamu mjini, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza: "Mwanangu, unasema mjukuu wangu amepungukiwa na protini. Kwani sisi hatuli samaki?"

Mtoto mwenyewe alikuwa amelala chali juu ya mkeka, miezi sita, macho maangavu yakimfuata kila apitaye. Magoti yalikuwa yameangukia nje kama ya chura. Kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea ndani na tumbo ndilo lililopanda. Ukimwangalia kinywani kwa makini, ulimi ulikuwa ukitetema wenyewe, mtetemo mdogo mdogo usiokoma. Shingo haijawahi kusimama.

Swali la Bibi ni la haki. Neno protini tumelizoea jikoni: samaki, kunde, mayai. Lakini protini hiyo ikishaliwa husagwa tumboni mpaka ikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na mwili wenyewe ndio unaoviunga upya kuwa maelfu ya protini zake, kila moja kwa maagizo ya jeni yake. Maagizo yakikosekana, hata nyumba ile nguru kutwa mara tatu, protini hiyo haipatikani.

Maradhi ya mtoto huyu huitwa SMA, kifupi cha Kiingereza cha spinal muscular atrophy, yaani kunyauka kwa misuli kunakoanzia kwenye uti wa mgongo. Madaktari Guido Werdnig na Johann Hoffmann waliyaeleza kwa maandishi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kinachokufa ni neva za mwendo, seli zilizo ndani ya uti wa mgongo ambazo hupeleka amri kwenye misuli. Akili haiguswi, ndiyo maana macho yale yanakufuata. Mwaka 1995 timu ya Judith Melki huko Ufaransa iliipata jeni yenyewe, SMN1, katika kromosomu ya 5, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Protini inayotokana nayo, SMN, ina asidi amino 294. Ila kuipata hakukusema inafanya nini. Kazi yake ilianza kujulikana pale watafiti, kundi la Gideon Dreyfuss wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania likiwa mstari wa mbele, walipouliza: ndani ya seli, protini hii hushikana na nani?

Huko kushikana ndiko kunakoitwa mwingiliano wa protini. Protini ni mnyororo uliojikunja ukapata umbo lake, una mashimo na vinundu, sehemu zenye chaji chanya na zenye chaji hasi. Umbo la moja likilingana na la nyingine, hukaa pamoja kama ulimi wa mbao unavyoingia katika tundu lake kwenye mlango wa nakshi. Zikishikana hufanya kazi ambayo hakuna moja ingeiweza peke yake.

Aliyewahi kukaa Matondoni akatazama mashua ikiundwa ataelewa upesi. Mkuku umeshalazwa, mataruma yamesimama, mbao ziko mchangani. Mtu mmoja anaukumbatia ubao na kuubana kwenye taruma kwa mwili wake wote, mwingine anazungusha keekee, wa tatu ameshika misumari. Yule aliyebana hatoboi wala hapigi nyundo, na chombo kikishashushwa majini huoni alama ya mkono wake popote. Mwondoe, ubao utakaa mshazari, na maji yataingia.

SMN ndiye mbanaji huyo. Hafanyi kazi peke yake: wenzake ni Gemin2 mpaka Gemin8, na mwingine aitwaye Unrip. Kazi yao ni kuivalisha RNA ndogo, yaani uzi mfupi ulionakiliwa kutoka kwenye jeni, pete ya protini saba ziitwazo Sm. Gemin5 huitambua RNA inayostahili. Gemin2 hukumbatia tano kati ya zile saba. SMN yenyewe ina sehemu ya katikati, iitwayo Tudor, inayokamata mikia ya protini za Sm, na upande wa mwisho wake hushikana na SMN nyingine ili kundi zima likae imara. RNA ikishavaa pete huingia kwenye kiini cha seli, na huko husaidia kukata na kuunga ujumbe wa jeni nyingine. Pete zikiwa chache, ujumbe mwingi huungwa vibaya.

Kwangu mimi ushahidi ulio wazi kuliko wote ni watoto wachache ambao SMN yao imekosewa mahali pamoja tu. Kuna kosa kwenye asidi amino ya 134, ndani ya Tudor: protini ipo, lakini mkono wake hauwezi kukamata mikia ya Sm. Kuna jingine kwenye ya 272, karibu na mwisho: SMN inashindwa kushikana na mwenzake. Moja tu kati ya 294, na mtoto hashiki shingo.

Wengi zaidi, kama asilimia 95, wamekosa kipande cha 7 cha SMN1 kwa baba na kwa mama. Wanaishi kwa jeni pacha, SMN2, ambayo herufi moja iliyobadilika huifanya iruke kipande hicho mara nyingi. Kama asilimia 10 tu ya inachotoa ndiyo protini kamili. Ile fupi haishikani vyema na wenzake, na seli huivunja haraka. Mwenye nakala 2 za SMN2 kwa kawaida huumwa vikali, mwenye 3 au 4 huwa na nafuu.

Pete hizo huhitajika katika kila seli, basi kwa nini neva za mwendo ndizo zife? Wanasayansi bado wanabishana. Wapo wanaoelekeza macho kwenye mkia wa neva, ambao kwa mtu mzima hutoka kiunoni hadi mguuni, karibu mita nzima. SMN huonekana humo pia, na inapopungua, ujumbe wa kutengeneza protini ya aktini haufiki ncha ya mkia inavyopaswa.

Dawa zilizopo zote zinaongeza SMN. Nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, hudungwa mgongoni na kuizuia SMN2 isiruke kipande cha 7. Ya mwaka 2019 hutumia virusi visivyodhuru kupeleka SMN1 mpya, na bei yake ilipotoka ilizidi dola milioni 2, jambo linaloniuma kila nikilitaja mbele ya mzazi. Risdiplam ya mwaka 2020 ni ya kunywa. Neva iliyokufa hairudi, kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa ina hasara yake.

Na mama wa mtoto hana kosa. Wazazi wote wawili wamebeba jeni hiyo bila kuumwa, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ndoa ya binti ami haileti jeni mbovu, ila ikiwa imo katika ukoo hurahisisha kukutana.

Kipimo cha damu huhesabu nakala za SMN1. Mtu akiwa na mbili huambiwa yuko salama, lakini kwa watu wenye asili ya Kiafrika nakala hizo mbili mara nyingi zaidi huwa zimekaa kwenye kromosomu moja, na ya pili ni tupu. Hesabu inasema mbili, naye ni mbebaji.

Bibi alipolielewa hilo aliuliza: "Basi na mimi mnipime?"

Ndiyo, Bibi. Wewe ukionekana una moja na Babu ana tatu, hesabu ya binti yenu ndipo itakapofunguka: mbili zake zote zimetoka kwa Babu kwenye kromosomu moja, na aliyoipata kwako ni tupu.