Besi ya black metal ipo, ila imezikwa

Vijana wengi wanaokuja kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kujifunza besi, lile gitaa la sauti za chini, wanataka kupiga bongofleva au taarab. Siku hizi wapo pia waliozama kwenye black metal, ule muziki mkali wa magitaa uliokomaa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990. Swali lao huwa ni hilo hilo: mpiga besi humu anafanya nini, mbona hasikiki?

Tuanze na hesabu. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi, yaani noti ya E ya chini, unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Kwenye black metal mkono wa kulia unakwaruza uzi juu chini bila kupumzika, ndiyo wanaita tremolo. Dramu ikienda biti 200 kwa dakika, na kila biti ikabeba noti nne, unapata noti 13 na ushee kila sekunde. Noti moja inaishi sekunde 0.075 tu. Ndani ya muda huo E ya besi imepata mitetemo mitatu, mara piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, inaugusa uzi tena. Sikio linapata taabu kujua kama hiyo ni E au F. Gitaa likipiga E ya juu, yenye mitetemo 330 kwa sekunde, linapata karibu mitetemo 25 katika muda huo huo. Hapo gitaa linaimba, besi inanguruma.

Halafu kuna foleni. Dramu kubwa ya mguu, tena inayopigwa kwa miguu miwili, inakaa kule kule chini iliko besi. Juu yake yapo magitaa mawili yenye distoshani nzito, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi, yanafunika zile sauti za kati ambazo ndizo zingelisaidia sikio kuifuata besi. Mpiga besi akinakili gitaa noti kwa noti, amejifuta mwenyewe.

Lakini si fizikia peke yake. Wanorwe wale waliichagua sauti nyembamba, kali, yenye ukungu, kwa sababu hawakutaka kufanana na death metal, tawi jingine la muziki mkali, ya wakati ule iliyorekodiwa vizuri na kushiba. Kuishusha besi ilikuwa sehemu ya msimamo wao. Najua pia kwamba maneno ya muziki huu, na matendo ya baadhi ya watu wake, pamoja na makanisa yaliyochomwa kule Norway, yanawaudhi watu wa dini. Yananiudhi na mimi. Hapa nazungumzia ufundi.

Na ukirudi nyuma utakuta besi ilikuwa mbele kabisa. Bendi ya Venom wa Uingereza, ambao albamu yao ya 1982 ndiyo iliyoupa muziki huu jina, walikuwa watu watatu. Cronos aliimba huku akipiga besi, na besi yake ilikuwa na distoshani chafu kwa sababu hakukuwa na gitaa la pili la kujaza nafasi. Baadaye, mwaka 1995, bendi ya Ved Buens Ende wa Norway walitoa albamu yao Written in Waters, na humo besi inatembea njia yake yenyewe huku gitaa likielea juu. Kila mwanafunzi anayeniambia besi haina kazi kwenye black metal namsikilizisha hiyo kwanza.

Kuna albamu ya 1994 ya Mayhem, bendi nyingine ya Norway, ambayo siwezi kuiruka. Aliyepiga besi, Varg Vikernes, alimuua mpiga gitaa Euronymous Agosti 1993, kabla albamu haijatoka. Familia ya marehemu iliomba besi ile iondolewe. Haikuondolewa, ilibaki, imeshushwa chini ya magitaa. Ukisikiliza kwa hedifoni nzuri unaisikia, inazunguka kwa utulivu chini ya vurugu. Mimi kila nikiisikiliza roho inakuwa nzito.

Sasa lile ninalolipenda kuliko yote. Mwambie mpiga gitaa akwaruze noti mbili tu, E na G, asibadilishe chochote. Wewe piga E: umepata kodi, yaani noti zinazolia pamoja, ya E maina, kiza kitupu. Hamia C, gitaa halijasogea hata kidogo, lakini kodi imekuwa C meja, kama dirisha limefunguliwa. Shuka A, huzuni inarudi, ila ya namna nyingine. Magitaa ya black metal hukaa sana kwenye noti chache kwa muda mrefu, kwa hiyo mwenye besi ndiye anayeamua wimbo una hisia gani. Watu wanasema gitaa limebadilika, kumbe ni besi.

Hapa Tanga somo hili tunalo nyumbani. Sikiliza rekodi za taarab za vikundi vya hapa, Black Star na Lucky Star: besi inapiga noti chache, inaacha nafasi, na unaisikia kila inapoingia. Haishindani na sauti ya mwimbaji wala gitaa.

Kwa hiyo kijana wangu, gitaa likikimbia, wewe usikimbie nalo. Piga noti moja kwa kila biti, au ishike ikae. Ukilazimika kukimbia, iache E ya chini, kapige E ya freti ya saba (freti ni vile vyuma vya shingoni) kwenye uzi wa A. Inatetema mara 82, angalau inatambulika. Tumia piki, vidole vitapotea.

Kwenye kurekodi, gawa besi njia mbili: moja safi kwa ajili ya uzito wa chini, nyingine yenye distoshani kwa sauti za kati. Hiyo ya pili ndiyo itakayoiokoa kwenye simu, kwa sababu kispika cha simu hakifikii mitetemo 41 hata kidogo. Sikio likipata sauti za juu za noti ile, linaijaza lenyewe ile ya chini. Magitaa yakate chini ya mitetemo 100, hayana shughuli huko. Kisha sikiliza mara mbili, kwenye simu na kwenye spika kubwa. Ukizima besi na usione tofauti popote, usianze kwa kuongeza sauti yake. Rudi kwenye noti ulizopiga.