Kufunga barabara hakuleti watembea kwa miguu

Jana nimetumiwa tena ile picha ya Pearl Street, mtaa wa waenda kwa miguu katikati ya Boulder, mji wa chuo kikuu huko Colorado, Marekani: matofali, miti, watoto wanakimbia, gari hakuna hata moja. Chini yake maneno yaleyale: "Fungeni barabara ya kati na hapa kwetu, watu watatembea." Nimekaa kwenye mipango miji miaka mingi na nimechoka kuyasikia.

Kalamazoo, Michigan, mji wa chuo kikuu, walifunga mtaa wa Burdick mwaka 1959, kabla ya wote Marekani. Mwaka 1998 wakarudisha magari kwenye sehemu yake. Eugene, Oregon, walifunga 1971, wakaja kufungua kidogo kidogo. Barabara ilifungwa vizuri tu, watu hawakuja.

Pearl Street iliyofungwa mwaka 1977 ni vipande vinne tu vya mtaa, kila kimoja kutoka njia panda hadi njia panda. Kinachoibeba hakimo kwenye picha. Tangu 1970 eneo lile lina mfuko wa pamoja wa maegesho: anayejenga duka halazimishwi kutenga maegesho yake mwenyewe, na sehemu ya mapato hulipia pasi za basi za wafanyakazi. Ndiyo maana mlango unafuata mlango, hukutani na uwanja wa magari katikati ya safari. Basi la HOP, linalopita chuoni na katikati ya mji tangu 1994, nalo lina kazi yake.

Lakini ninachotaka mkitazame ni njia. Mwanafunzi haishi kwenye matofali. Yuko juu kusini, upande wa chuo, anateremka na barabara ya Broadway, anavuka kijito, halafu anakutana na Canyon Boulevard, barabara pana ya magari. Hapo ndipo anapoamua kama kesho atatembea tena. Simama pale na mama anayesukuma kigari cha mtoto. Miongozo ya Marekani ya taa za barabarani humhesabia mtu mwendo wa mita 1.07 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 20 ni sekunde 19 hivi. Ongeza njia moja ya gari ya mita 3, umemwongezea karibu sekunde 3 mbele ya magari. Ichonge kona iwe ya mviringo mkubwa ili gari likate bila kupunguza mwendo, umemwongezea tena. Nimehudhuria vikao ambapo rangi ya matofali ilijadiliwa asubuhi nzima na kona ikapitishwa bila swali. Inaniuma.

Kuna jambo ambalo hata mimi linanisumbua. Mwaka 1967 wakazi wa Boulder walipiga kura kujitoza kodi ya kununua ardhi ya wazi kuzunguka mji, na mji ukashindwa kutapakaa. Pearl Street ilisimama kwa ufundi wa wasanifu, au kwa sababu mji ulibanwa? Siwezi kuvitenganisha. Na nyumba zimepanda bei hadi wengi wanaofanya kazi mjini humo wanalala miji mingine na kuingia kwa gari kila asubuhi.

Kwa hiyo kabla hujanitumia picha nyingine, nihesabie vivuko kutoka geti la chuo hadi duka la kwanza, na uniandikie upana wa kila kimoja kwa mita.