Je, wajua kwa nini programu ya mwaka 1988 ya AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM, inaweza kufanya kazi hadi leo?

Karani wa ghala anabonyeza F3, skrini nyeusi yenye herufi za kijani inamrudisha kwenye menyu, naye anaendelea kupokea mzigo. Nyuma ya skrini hiyo huenda kuna programu iliyoandikwa mwaka 1988 kwa RPG, lugha ya kuandikia programu za biashara. Aliyeiandika ameshastaafu, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu aliyoyaandika, haujulikani uliko. Kompyuta yenyewe imeshabadilishwa mara kadhaa. Mbona programu haijafa?

Jibu linaanzia Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, ambako IBM ilikuwa ikitengeneza kompyuta za ukubwa wa kati kwa ajili ya biashara. System/3 ilitoka mwaka 1969, kisha System/32 mwaka 1975 na System/34 mwaka 1977. Lakini iliyoleta mageuzi ni System/38, iliyotangazwa mwaka 1978.

Kwa kawaida kompaila hugeuza msimbo kuwa amri za prosesa fulani. Ukileta prosesa ya aina nyingine, amri hizo hazina maana tena, na kazi ya miaka inabidi irudiwe. Wahandisi wa Rochester, akiwamo Frank Soltis, waliukata uhusiano huo. Kompaila yao ilitoa amri za mashine ya kufikirika tu. Safu ya chini ya mfumo ndiyo iliyofanya kazi ya mkalimani, ikizigeuza kuwa amri za prosesa iliyopo. Tafsiri hiyo na asili yake, yaani zile amri za mashine ya kufikirika, vilihifadhiwa pamoja ndani ya programu ileile. Vielekezi vya anwani, yaani namba zinazoonyesha data iko wapi kwenye kumbukumbu, navyo vilipewa biti 128, ilhali anwani za vifaa vya wakati huo zilikuwa za biti 48. Kumbukumbu ilikuwa ghali mno siku zile, na kutenga nafasi kubwa hivyo kwa ajili ya mashine ambazo hazijazaliwa ni uamuzi ninaouheshimu kuliko mwingine wowote katika historia hii.

Tarehe 21 Juni 1988 ikatangazwa AS/400. Ilichukua usanifu wa System/38 na kuuchanganya na urahisi wa System/36, kompyuta ya mwaka 1983 iliyopendwa sana na kampuni ndogo.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1995. IBM iliiondoa prosesa ya zamani ya biti 48 na kuweka ya biti 64 ya jamii ya PowerPC, yenye amri tofauti kabisa. Mteja alinakili programu zake kutoka mashine ya zamani na kuzirejesha kwenye mpya. Mfumo ukatafuta asili ndani ya kila programu na kuitafsiri upya. Msimbo haukuhitajika, na programu zilizotafsiriwa zilitumia biti 64 bila mtu kugusa mstari hata mmoja. Walioumia ni wale waliokuwa wamefuta asili ili kuokoa nafasi ya diski. Hao walilazimika kuutafuta msimbo na kukompaili upya.

Baada ya hapo majina yalibadilika haraka: iSeries mwaka 2000, i5 mwaka 2004, System i mwaka 2006. Mwaka 2008 mashine ziliunganishwa na ndugu zake, mashine za IBM zinazotumia mfumo endeshi wa Unix, chini ya jina Power Systems, na mfumo endeshi ukaitwa IBM i. Wengi wanaozitumia bado wanasema AS/400, na siwalaumu. Mwaka huohuo toleo la 6.1 lilidai programu zote zitafsiriwe tena, na kwa mara nyingine asili iliyomo ndani ndiyo iliyoziokoa. Toleo la 7.6 lilitoka mwaka 2025.

Anayetunza mfumo wa namna hii na ana programu kongwe asiyojua msimbo wake uliko, aandike amri ya DSPPGM ikifuatiwa na jina la programu. Skrini itamwonyesha kama taarifa za uundaji, yaani ile asili, bado zimo ndani yake.