Je, wajua kwa nini ndege ya mwanafunzi huvunjika gurudumu la mbele inapotua?

Simama ufukweni Usoma, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kisumu, urushe kijiwe bapa juu ya ziwa. Kitadunda, kila mdundo ukipungua, hadi kizame. Ndege ndogo ya mafunzo nayo hudunda ikitua vibaya, ila yake ni kinyume: mdundo wa pili hushinda wa kwanza, na wa tatu mara nyingi ndio huvunja.

Chanzo ni mwendo. Cessna 172, ndege ndogo ya kufunzia, huujia uwanja kwa kilomita 120 hivi kwa saa. Mwanafunzi akizidisha, ndege hufika karibu na lami ikakataa kushuka, inaelea tu, kwa kuwa mabawa bado yana nguvu ya kuibeba. Anaona lami inamwishia, anasukuma usukani ili ailazimishe. Hapo gurudumu la mbele linagonga kwanza. Pua inatupwa juu, mabawa yanakamata hewa, ndege iko angani tena.

Sasa mkono ndio unaoharibu mambo. Pale alipoona lami anaona mawingu, basi anasukuma tena. Lakini ndege haimtii papo hapo. Inapomtii tayari ilikuwa inaanguka yenyewe, kwa hiyo pua inashuka maradufu. Gurudumu la mbele limewekwa kwa ajili ya kuongozea ndege ikiwa chini na kushikilia pua, si kupokea kishindo cha kutua. Hiyo ni kazi ya yale mawili ya nyuma. Mguu wa hilo la mbele ukikunjika, propela inapiga lami na kupinda ncha, na hata injini ikionekana nzima, sharti ifunguliwe ikaguliwe. Gharama yake, usiulize.

Aliyezoea Kisumu, chini kidogo ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, akienda Eldoret, karibu futi 7,000, hudanganywa na macho pia. Hewa ya kule ni nyepesi: kipima mwendo kinasoma vilevile, ilhali ardhi inapita kasi zaidi.

Dawa yenyewe ni fupi, ingawa inauma kwa anayetazamwa na mwalimu na wenzake: baada ya mdundo wa kwanza mkubwa, asipigane na ndege. Afungulie injini nguvu zote, aiweke pua sawa, apae, azunguke na kuja upya.