Makabati ya "Kichina" yaliyotengenezwa London

Ukiona kabati la karne ya 18 katika nyumba ya Kiingereza, jeusi linalong'aa, limechorwa mahekalu na ndege kwa dhahabu, ni rahisi kuamini kwamba lilishuka melini kutoka China au Japani. Mengine kweli yalitoka huko. Mengi yalitoka karakana za London.

Rangi halisi ya Asia Mashariki inayong'arisha samani hizo (laka) ni utomvu wa mti, nao hukauka na kuwa mgumu kwenye hewa yenye unyevu. Kuufikisha Ulaya ukiwa bado unafaa kulikuwa kugumu mno. Mafundi wa Uingereza wakatumia gamu inayotolewa na wadudu wa India, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, wakaipaka tabaka juu ya tabaka na kuisugua. Kitabu cha Waingereza Stalker na Parker kilifundisha kazi hiyo tangu 1688, michoro ya kunakili ikiwemo. Thomas Chippendale, fundi samani wa London aliyepeleka samani za kijani na dhahabu katika jumba la Nostell Priory, Uingereza, mwaka 1771, hakuwahi kufika China.

Mbao halisi za Kichina zilizopakwa laka nazo zilitumika, ila kwa namna ya kusikitisha: viyambaza vya kukunja vilikatwa vipande vikabandikwa kwenye makabati, watu na nyumba zao wakichanganywa ovyo.