Monte Albán: anza na mawe, ngazi baadaye

Monte Albán, mji wa kale ambao sasa ni magofu, iko juu ya mlima, kama mita 400 kutoka kwenye bonde la Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Wazapoteki, watu wa asili wa bonde hilo, walianza kujenga hapo karibu mwaka 500 KK. Walisawazisha kilele bila magurudumu wala mnyama wa kubeba mzigo, wakapata uwanja wenye urefu wa mita 300 hivi.

Kutoka mji wa Oaxaca ni kilomita 9 tu. Uwe langoni mapema, kwa sababu uwanjani hakuna kivuli, na kwenye mwinuko wa mita 1,940 jua huunguza hata kukiwa na ubaridi. Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji na kofia pana. Ngazi zina mwinuko mkali na vidato vyembamba. Wengi huteleza wakishuka, si wakipanda. Shuka kimshazari.

Wageni wengi hukimbilia Jukwaa la Kusini kupiga picha, wakifika kwenye mawe ya Danzantes (kwa Kihispania, “wacheza ngoma”) wameshachoka. Mimi ningeanza na mawe hayo, upande wa magharibi. Yamechongwa zaidi ya 300, na baadhi ya mawe halisi yamo kwenye makumbusho ya langoni. Zamani watu waliochongwa humo walidhaniwa kuwa wacheza ngoma, ndiyo maana ya jina hilo. Hebu tazama kwa karibu: watu uchi, macho yamefumba, midomo wazi, miguu imelegea. Leo wataalamu wengi huwaona kuwa mateka waliouawa.

Ukitoka hapo nenda Jengo J, lenye umbo la ncha ya mshale na lililokaa mshazari huku majengo mengine yakifuata mstari. Kwenye kuta zake tafuta alama ya kilima, ambayo humaanisha mahali fulani. Chini yake, kwenye baadhi ya mawe, kuna kichwa kilichopinduliwa. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba mahali hapo palitekwa.

Kwenye uwanja wa mchezo wa kale wa mpira usidhani kuta za mteremko ni viti vya watazamaji. Zilipigwa lipu ili mpira wa raba udunde na kurudi.

Kaburi namba 7, alilolifukua mwanaakiolojia Alfonso Caso mwaka 1932, huwakatisha tamaa wanaolitembelea wakitaka dhahabu. Hazina hiyo, iliyowekwa na Wamixteki, watu wengine wa asili wa eneo hilo, waliolitumia upya kaburi la Wazapoteki, iko mjini, kwenye makumbusho ya Santo Domingo. Makumbusho hayo yatengee muda wa saa mbili mchana, jua likiwa kali.