Kasri, shimo na kelele za usiku: ninavyosikiliza hadithi za mizimu

Swali ninaloulizwa na wageni kabla hata hawajashuka garini ni lile lile: "Lakini kweli kuna mizimu hapa?" Kazi yangu ni kuwatembeza watu katika maeneo ya kale, kuanzia Nakuru mpaka pande za Ziwa Victoria, na swali hilo sijibu kwa ndiyo wala la. Nami huwauliza langu: waliofia hapa, nani aliwazika?

Hilo ndilo swali linalofungua hadithi nyingi za huku kwetu. Lakini hadithi inayovuta watu wengi zaidi Nakuru haimo katika kundi hilo, kwa hiyo niimalize kwanza.

Kasri la Lord Egerton liko Ngata, ukitoka mjini kuelekea upande wa Njoro. Hadithi unayosimuliwa ni hii. Bwana mkubwa wa Kiingereza alimpenda bibi mmoja wa kwao, akamjengea nyumba. Bibi akaja, akaitazama, akasema hili ni banda la kuku. Bwana akameza uchungu wake, akajenga kasri la vyumba 52. Bibi akaja tena. Hapa wasimuliaji hutengana: wako wanaosema aliliita kibanda cha mbwa, wako wanaosema aliliita jumba la makumbusho. Vyovyote vile alienda zake. Tangu siku hiyo, inasemekana, mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga pale, na kuku na mbwa nao wakapigwa marufuku. Ndiyo maana mzee hajatulia mpaka leo. Utasikia habari za nyayo ghorofani.

Hadithi tamu. Sasa ipigie hesabu. Maurice Egerton, Baron wa nne wa Tatton, alizaliwa mwaka 1874. Ujenzi wa kasri ulianza 1938, ukakatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ukakamilika 1954. Yaani alianza akiwa na miaka sitini na ushee, akamaliza akigonga themanini, na Januari 1958 akafa. Kasri hilo kubwa alilala ndani yake chini ya miaka minne. Sisemi hakukataliwa, mwanamume hukataliwa umri wowote. Ila yule kijana mwenye mahaba tunayemwona tukisimuliwa hayumo katika tarehe hizi. Aliyemo ni mzee asiyeoa, mmoja wa marubani wa mwanzo kabisa Uingereza (cheti chake cha urubani kilikuwa namba 11), aliyejijengea Bonde la Ufa nyumba ya kumkumbusha jumba la ukoo wake huko Tatton. Hakuacha mtoto, na ubaroni wenyewe ulikoma naye.

Kuna jingine ambalo hadithi ya mapenzi hulifunika vizuri sana. Ardhi ile haikuwa tupu ikimsubiri Lord. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa sehemu hii ya Bonde la Ufa, wengi wakasukumwa Laikipia, ili walowezi wapate nafasi. Shule ya kilimo aliyoianzisha Egerton mwaka 1939, ambayo leo ni chuo kikuu, iliwekwa kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Na mawe ya kasri yalibebwa na mikono ya watu ambao majina yao huyakuti ukutani. Ukishasikia habari za bibi na banda la kuku, unatoka pale ukimhurumia mwenye kasri. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi ile, na inaifanya barabara. Siku hizi maharusi hupigia picha kwenye ngazi zake Jumamosi baada ya Jumamosi, wanawake kwa mamia, na mzee hajatoka kuwafukuza.

Mzimu wa aina hiyo, wa nyumba kubwa na moyo uliovunjika, ulikuja na meli. Mizimu ya hapa huandama maiti ambayo haikupata kaburi.

Panda mlima Menengai, hapo juu ya mji wa Nakuru, uone. Ukifika ukingoni unaona shimo la volkano lenye urefu wa kilomita kama 12 na upana wa kama 8, na chini mawe meusi ya lava, vichaka vya leleshwa, na mvuke ukipanda hapa na pale. Wazee husimulia vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, Wapurko na Walaikipiak, karne ya kumi na tisa. Walaikipiak walishindwa, na mashujaa wao wakatupwa kutoka ukingoni. Mvuke unaoonekana, wanasema, ni roho zao zikijaribu kupanda mbinguni.

Vita hivyo si vya kubuni. Walaikipiak walivunjwa kweli, miaka ya 1870, na walionusurika wakatawanyika na kumezwa na jamii nyingine. Mvuke nao una sababu yake: maji ya mvua huzama kwenye nyufa, hukutana na miamba yenye joto, hurudi juu. Kampuni ya serikali ya jotoardhi ilianza kuchimba visima humo mwaka 2011, kwa hiyo siku hizi, ukisimama ukingoni, roho za mashujaa na mabomba ya visima viko katika picha moja. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama uchimbaji umewasumbua mizimu. Nilimwambia awaulize wahandisi.

Wenyeji wana mengine zaidi ya mvuke. Watakwambia juu ya mwavuli wa shetani unaopaa shimoni, juu ya mashamba yanayoonekana yakilimwa na watu wasiojulikana kisha yakatoweka, na juu ya watu walioshuka wakapotea, wakakutwa baada ya siku kadhaa wakizunguka bila kujua walikokuwa. Hili la kupotea ndilo ninalolichukulia kwa uzito, na simtupii mzimu lawama. Shuka mwenyewe uone: ukuta wa shimo unaonekana uleule kila upande. Lava imepasuka vipande vipande, haina njia inayodumu, na leleshwa inakufika kichwani. Jua la adhuhuri liko utosini, halikuonyeshi mashariki wala magharibi. Juu ya hayo, penye volkano gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na mapangoni. Ukiivuta kwa wingi kichwa kinauma, unachanganyikiwa, na ikizidi inaua bila harufu. Mtu aliyetoka humo akisema "nilishikwa na kitu" hadanganyi. Ndiyo maana simruhusu mgeni kushuka bila mwenyeji, bila maji ya kutosha na bila viatu vya soli nene, na pango nisilolijua siingii. Mapango mengine yana watu wanaofunga na kuomba. Hao waache na maombi yao; simu ibaki mfukoni.

Kilomita chache kutoka hapo kuna Hyrax Hill, na hapo ndipo hoja yangu inapopata ushahidi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938, akakuta makaburi ya watu wa enzi za mawe, wanawake wakiwa wamezikwa na vyombo vyao vya mawe. Kuna mifupa halisi, kuna makaburi halisi, na kuna bao lililochongwa kwenye mwamba ambalo watoto wa shule hukimbilia kuchezea. Sijawahi kusikia mgeni wala mwenyeji akilalamikia mzimu wa Hyrax Hill. Waliolala pale walizikwa kwa utaratibu na watu wao. Mizimu haina la kudai.

Ukielekea Kisumu, mambo yanabadilika sauti, kwa maana halisi ya neno hilo.

Nilikuwa nimepanga chumba karibu na ziwa. Usiku ulikuwa umekwenda nikasikia mbali huko mtu akigonga sufuria. Mwingine akaitikia. Kisha mabati, kisha mageti, kisha debe la mtu, na kelele ile ikaja ikitembea mtaa kwa mtaa mpaka ikafika kwetu. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari uani na mwiko mkononi.

"Chukua kifuniko hicho upige, mwanangu."

"Kuna nini, mama?"

"Nyawawa wanapita. Piga kwanza, utauliza baadaye."

Nikapiga. Ndani ya dakika chache kelele ilitupita, ikaendelea mitaa ya mbele, ikafifia. Mama akaurudisha mwiko jikoni, akanitakia usiku mwema.

Nyawawa, kwa Wajaluo wa kando ya ziwa, ni roho zinazotoka ziwani na kupita usiku pamoja na upepo, zikitafuta pa kuingia. Ukigonga chuma zinaendelea na safari yao. Hili hutokea Kisumu, Siaya na Homa Bay, na kila likitokea magazeti huandika na mitandao hucheka. Wa kucheka wacheke. Ziwa Victoria hutengeneza dhoruba zake usiku, kwa sababu maji hubaki na joto wakati nchi kavu imeshapoa, na upepo wa dhoruba hizo hufika pwani ghafla ukivuma kama watu wanaozozana. Hiyo ni sehemu ya kwanza. Ya pili ni hesabu ambayo kila familia ya wavuvi inaijua: ziwa huchukua watu, na wengine haliwarudishi.

Kwa Mjaluo, mtu kutozikwa nyumbani ni jambo zito mno. Mwili usipopatikana, jamaa huchukua tunda la yago, mti ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama soseji, wakalizika kaburini badala ya marehemu, kwa matanga kamili. Tunda hilo ndilo linalompa marehemu kwao. Sasa fikiria wale ambao hata yago hawakupata: mgeni aliyezama, mvuvi asiye na jamaa, yule ambaye kwao hawakupata habari. Ukiniuliza mimi, hao ndio wanaopigiwa sufuria.

Upande huo huo wa ziwa, Seme, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, kuna Kit Mikayi, na wageni wengi humpachika mzimu mahali ambapo hayupo. Ni majabali ya itale yamekaa juu ya mengine mpaka unajiuliza yanashikwa na nini. Inasimuliwa kuwa mzee Ngeso aliyapenda mawe yale, akawa anashinda humo pangoni, na mkewe akampelekea chakula huko kila siku. Waumini wa kanisa la Legio Maria hupanda pale kusali, na desturi za mahali hapo ziliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukipiga mayowe ya kutishana pangoni, kama nilivyoona vijana fulani wakifanya, umeingia kwenye ibada ya watu ukavuruga. Wazee wanaopatunza wako pale pale chini; wasalimie kwanza, waeleze umekuja kwa nini, kisha wafuate.

Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay, ni hadithi ya kijiji kizima kilichozama. Kikongwe alifika penye karamu akiomba hifadhi, wakamfukuza, maji yakafunika wote isipokuwa mwanamke aliyemkaribisha. Mwanajiolojia atakwambia ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, maji yake ya magadi. Ni kweli. Lakini mtu mzima wa pale akikusimulia, tazama anavyoitumia: huitoa anapomkanya mtoto aliyemnyima mgeni maji. Nenda asubuhi, flamingo wakiwepo utawaona vizuri, na ukikaribishwa uji kwenye boma la jirani, kunywa.